Shangazi, mume wangu akishika usukani simtambui

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mikindani. Nina miaka 33, nimeolewa mwaka wa tisa huu, tuna watoto wawili: wa kiume ana miaka sita, wa kike bado ananyonya. Mume wangu ni mhasibu. Nianze kwa kumtendea haki: ni mume mwema. Hanywi, hajawahi kuninyanyulia mkono, na fundi au jirani akimkosea yeye husema "yaishe" na kweli yanaisha. Mama yangu anamsifia kwa subira kuliko wakwe zake wote.

Shida ilianza mwaka juzi tulipopata gari. Ni la mtumba, lakini analipenda sana. Kila Jumamosi analiosha mwenyewe, viti amevivika vitambaa, kioo cha nyuma ameandikisha jina la mwanetu na dua chini yake. Siku alipolileta tulichinja kuku. Ila akishika usukani, Shangazi, simtambui. Bajaji ikimchomekea pale sokoni anatoa kichwa dirishani na kusema maneno ambayo sijawahi kuyasikia ndani ya nyumba yangu. Akipigiwa honi anapunguza mwendo makusudi. Gari likimpita ni lazima alipite tena, hata kama tunakwenda Mtwara mjini kununua unga tu. Ukimuuliza, jibu ni moja: "Huyu ananidharau."

Kilichonifanya nikuandikie ni safari ya Masasi, Idi iliyopita. Tulitoka tumechelewa. Kufika Mingoyo alikuwa ameshachoshwa na malori ya makaa ya mawe, unajua siku hizi yanavyopishana na kurudi bandarini. Tulipoiacha Mtama, kijana wa bodaboda akatupita kushoto na kukigonga kioo cha pembeni kwa kiwiko. Hakikuvunjika, kilikunjika tu. Mume wangu akamfukuza. Sisemi alimfuata, alimfukuza, taa zinawaka, honi haikatiki, mpaka karibu na Nyangao. Kijana yule alikuwa amempakia mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Nilipiga kelele, nikalia, nikamshika mkono, naye akasema, "Niache nimwonyeshe." Mwanangu akatapika kwenye kiti. Bodaboda ilipokata kuingia njia ya vumbi ndipo tukaachana nayo. Hapo hapo akaegesha, akafuta matapishi kwa mkono wake, akamnunulia mtoto juisi na mimi akanipa pole, kana kwamba aliyefanya yale ni mtu mwingine. Hatukusema neno mpaka Masasi.

Kinachonichanganya ni kwamba barabara ikiwa tupu anaendesha vizuri hadi mimi nalala. Wala hapendi kukimbia kwa sababu ya kukimbia tu.

Nilipomweleza mama mkwe akanijibu, "Hiyo ni damu ya kwetu, mjomba wake alikuwa hivyo hivyo." Mjomba huyo alikuwa dereva wa lori, akafia barabarani kabla sijaolewa. Halafu wiki iliyopita nimemkuta mwanangu uani na kigari chake cha boksi chenye matairi ya ndala, anakisukuma huku akisema, "Toka wewe! Nani kakupa leseni?" Kwanza nilicheka. Kisha nikakaa chini, miguu haina nguvu.

Shangazi, hii ni tabia ya kuzaliwa? Inabadilika? Na nikikataa kupanda gari lake nitakuwa nimemwaibisha mbele ya ukoo? Desemba tunatakiwa Masasi tena, kwenye harusi ya mdogo wake.

Mama wa watoto wawili, Mikindani

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwa yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Nitarudi kwake. Kwanza nataka tutazame sentensi uliyoiandika kama ya kupita tu, kwamba barabara ikiwa tupu wewe unalala. Hiyo ndiyo iliyonionyesha mumeo ni dereva wa namna gani.

Sisi tukisema "dereva mbaya" tunawatia watu wote kwenye kapu moja, na ndiyo maana ushauri wetu hauwasaidii. Yupo anayeendesha vibaya kwa sababu anapenda msisimko. Huyo hahitaji kuudhiwa na mtu. Barabara tupu ndiyo inayomnogea, na akikosa wa kushindana naye atashindana na upepo. Mmarekani mmoja, Marvin Zuckerman, alitunga dodoso la kuipima hamu hiyo mwaka 1964, na tangu hapo imeonekana tena na tena kwamba wenye nayo nyingi huvuka mwendo na kupita magari mengine pasipofaa kuliko wenzao. Hamu hiyo huwaka zaidi ujanani na hupoa umri unavyosogea. Yule kijana wa bodaboda huenda ndiye. Mumeo siye, umeniambia mwenyewe hapendi kukimbia.

Yupo wa pili, anayeghafilika: anasahau kuwasha taa ya kuashiria, haangalii kioo, akili iko kwenye marejesho ya mkopo. Mwaka 1990 watafiti wa Manchester, Uingereza, akiwemo James Reason, walilitenga kosa la kughafilika na lile la kuvunja sheria huku unajua. Kutenga huko kuna faida kubwa, kwa sababu anayeghafilika anahitaji mazoezi na umakini, wakati anayevunja sheria kwa kujua anaweza kuwa fundi hodari wa usukani na bado akaua. Na tafiti zilizofuata zilikuta kwamba ni huko kuvunja sheria kwa kujua ndiko kunakoandamana zaidi na ajali.

Mumeo ni wa tatu. Yeye anaendesha vizuri mpaka mtu amguse. Jerry Deffenbacher wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, alichapisha mwaka 1994 kipimo cha hasira ya udereva, hasira ambayo makao yake ni barabarani hasa. Yeye na wenzake walikuta kwamba wenye hasira hiyo hawaishi wamewaka muda wote. Barabara ikiwa nyeupe wanafanana na madereva wengine. Wakizuiwa au wakichomekewa ndipo wanapoachana nao mbali, kwa matusi, kwa mwendo na kwa kulipiza. Kwa hiyo hujaota, mwanangu, wala huna mume mnafiki. Mpole wa nyumbani na yule wa barabara ya Nyangao ni mtu mmoja, na kila mmoja ana mahali pake pa kuonekana.

Sasa kwa nini gari? Wewe mwenyewe umenitajia vitambaa vya viti, jina la mtoto, dua kwenye kioo. Mwaka 2008 watafiti wa chuo hicho hicho cha Colorado walichapisha kazi kuhusu magari yaliyobandikwa stika na mapambo. Walikuta kwamba kadiri mtu alivyolipamba gari lake ndivyo alivyoelekea kutumia gari hilo kuonyesha hasira, na maneno ya stika hayakubadili kitu, hata yale ya amani na upendo. Maelezo yao ni kwamba mtu wa namna hiyo ameshalifanya gari kuwa eneo lake. Sikwambii mkabandue jina la mtoto. Nasema umwelewe: kwake lile gari ni nyumba. Anayechomekea ameingia uani bila hodi. Aliyekigonga kioo amegonga ukuta wa chumba cha kulala. Ndiyo maana neno lake ni "dharau" na si "hatari". Angekuwa anaona hatari, angepunguza mwendo.

Na kuna jambo jingine, hili ni langu mwenyewe, limetokana na umri. Nimekulia Lindi enzi ambazo kwenda Dar es Salaam kulikuwa na kivuko cha Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Magari yalipanga foleni, watu wakashuka, dereva wa lori na mwenye gari dogo wakakaa kivuli kimoja na kugawana mihogo. Aliyekutimulia vumbi njiani mlikutana kivukoni, akakwambia shikamoo mama, yakaisha. Mumeo akigongana bega na mtu pale Mikindani atasema samahani kabla hajafikiri, maana huyo ana uso, ana jina, pengine walisoma pamoja. Ndani ya gari vioo vimepandishwa na hakuna salamu. Mwenzako anakuwa bati na matairi. Honi tuliyonayo ina sauti moja, ile ile ya kusema "naomba njia" na ya kusema "mpumbavu wewe", na mwenye hasira husikia hiyo ya pili tu.

Kuna usemi wa tangu mwaka 1949 kwamba mtu huendesha kama anavyoishi. Uliandikwa na Tillmann na Hobbs baada ya kuwachunguza madereva wa teksi katika mji wa London, si ule wa Uingereza bali wa Ontario, Kanada. Wale wenye ajali nyingi walikutwa na mivurugano mingi hata nje ya kazi. Utaniambia mumeo haishi hivyo. Mimi naomba nikuulize kwa upole: "yaishe" yake huwa inaisha kweli? Fundi aliyemla hela, jirani aliyesogeza uzio, kazini walikompita cheo, aliwahi kumwambia hata mmoja wao, "Ndugu yangu, hili limeniudhi"? Nahisi mumeo amejifunza kumeza tangu utoto, akasifiwa kwa kumeza, na sasa barabara ndipo mahali pekee anapotapika. Nikiwa nimekosea utanisahihisha, wewe ndiye unayelala naye.

Kuhusu damu ya mjomba. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa takriban nusu ya tofauti za haiba baina ya watu hutokana na urithi. Mama mkwe hakusema uongo, ila amesema nusu. Mtu hurithi wepesi wa kuwaka. Hakuna aliyezaliwa anajua kumfukuza bodaboda. Hilo huonwa na kuigwa. Kule Israeli, mwaka 2005, Orit Taubman-Ben-Ari na wenzake walilinganisha wazazi na watoto wao waliokwisha kuwa wakubwa, wakakuta mtindo wa kuendesha wa mzazi unaonekana kwa mtoto. Mwanao ana miaka sita na ameshaanza masomo, mwalimu wake anakaa kiti cha mbele. Usimlaumu mama mkwe. Kwa watu wetu wa kusini mjomba ni mtu mkubwa, na kumfananisha kijana na mjomba marehemu ni namna ya kumkumbuka. Ila mtafute faragha umuulize mjomba huyo alikufaje hasa. Yawezekana ndani ya jibu lake kuna maneno ambayo mumeo hajawahi kuambiwa na mtu mzima wa ukoo wake.

Inabadilika? Ndiyo, na hapa nasema kwa matumaini ya kweli. Huyo Deffenbacher na wenzake waliwafundisha madereva wa namna hii mambo mawili: kulegeza mwili, na kuisoma upya ile tafsiri ya kwanza inayowajia kichwani. Hasira yao ya barabarani ilipungua. Hawakugeuzwa watu wengine. Mumeo atabaki mwepesi wa kuwaka pengine maisha yake yote, lakini kati ya kuwaka na kukanyaga mafuta pana nafasi, na nafasi hiyo inaweza kupanuliwa. Mikono ilegee kwenye usukani, apumue nje polepole mara tatu, na lile "ananidharau" alitafutie maelezo mengine: labda lori limebeba mzigo na haliwezi kupanda kilima, labda kijana anamkimbiza mgonjwa Nyangao. Hata kama si kweli, kichwa kinachotafuta maelezo kinakuwa kimeshaacha kutafuta ugomvi.

Namna ya kumwambia ndiyo ngumu. Usimwambie kwamba hajui kuendesha, utakuwa umempoteza papo hapo. Mwaka 1981 Ola Svenson, Msweden, alichapisha matokeo ya kuwauliza madereva uhodari wao ukilinganisha na wengine: kati ya Wamarekani aliowauliza, asilimia 93 walijiweka kwenye nusu ya juu, na Wasweden asilimia 69. Hesabu haikubali watu wote hao waenee kwenye nusu moja. Mumeo ni mhasibu, ataielewa, lakini hata yeye atajihesabu ndani ya wale wa juu. Kwa hiyo uhodari wake mwachie. Mwambie kuhusu kigari cha boksi. Chagua jioni ambayo hamtoki, mtoto amelala, umwambie maneno yale yale aliyoyasema mwanao, bila kuongeza chumvi, halafu unyamaze. Ukiongeza Nyangao na bajaji na maneno ya dirishani, atajitetea kwa hayo mengine na kigari kitapotea katikati.

Akiwa ndani ya hasira, usimshike mkono tena, nakuomba. Najua ulikuwa umechanganyikiwa, ningefanya hivyo hivyo. Lakini mkono wa dereva anayefukuza si wa kushikwa, na kelele zako kwake zilikuwa upepo juu ya moto. Hii haina maana abiria anyamaze. Kenya walibandika stika ndani ya matatu kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayekimbiza, na katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 madai ya bima kwa ajali za magari hayo yalipungua kwa kati ya robo na theluthi. Sauti ya abiria ina nguvu. Tofauti ni kwamba abiria wa matatu ni kumi na zaidi, na hakuna kati yao aliyeolewa na dereva. Wewe weka makubaliano kabla ya safari. Mkubaliane neno moja, na nakupa lile lile la kwetu la siku zote: ukisema unataka kuchimba dawa, anaegesha mahali salama, haulizi, habishi. Hakuna mwanamume wa Kitanzania anayeona aibu kusimamishwa kwa hilo. Mashuke wote, mtoto anyooshe miguu, dakika tano. Aliyemuudhi atakuwa ameshafika mbali.

Na tokeni mapema. Hili nalipita haraka kwa kuwa unalijua, ila Idi mlichelewa, na mtu aliyechelewa kila lori kwake ni adui. Mwezi wa Desemba malori ya korosho nayo yako barabarani.

Sasa yule mwanamke wa bodaboda. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hula mita 22 kila sekunde. Kijana yule angegusa breki, au mbuzi angekatiza, mumeo asingekuwa na muda hata wa kusema "astaghfirullah". Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia moja tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia nne, na hapo halijahesabu anayekimbizana kwa makusudi na mtu asiye na bati la kumkinga. Kuendesha kwa hatari ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na mhasibu mpole angelala mahabusu kama dereva mwingine yeyote. Kuchomekewa, matusi, kupunguza mwendo kwa makusudi, hayo nayaweka kwenye tabia ya kufanyiwa kazi taratibu. Kufukuza mtu siyaweki huko. Hilo mwambie waziwazi kwamba likitokea mara ya pili, wewe na watoto hampandi tena gari akiendesha yeye, na mjomba mkubwa aliye hai ataitwa. Kwenu mjomba akiita kikao, kikao kinakaa.

Umenihakikishia hajawahi kukunyanyulia mkono. Nakuamini. Siku hasira ile ikivuka mlango wa gari na kuingia ndani ya nyumba, usisubiri safu hii wala kikao cha ukoo. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto.

Uliniuliza kama kukataa kupanda ni kumwaibisha. Inategemea unakataa vipi na mbele ya nani. Ukikataa mbele ya mawifi, huku mizigo imeshapakiwa, umemwaibisha. Ukimwambia chumbani, wiki tatu kabla, kwamba bado mwili wako unatetemeka ukikumbuka Nyangao na kwamba safari hii utatangulia na watoto kwa basi la asubuhi, hapo umempa mumeo siri ya kutunza, na waume wema hutunza siri. Kwa ukoo sababu ipo tayari: bibi harusi anahitaji wifi wa kumsaidia mapema. Yeye aje na gari kesho yake, peke yake, bila mtoto wa kumwonyesha kitu.

Na wakati wa kurudi Mikindani, kama mmeshakubaliana neno lenu na ameshakusikiliza kuhusu kigari, rudini pamoja. Kaa kiti cha mbele, watoto nyuma, mkubwa afungwe mkanda. Hapo Mtama mwambie asimame mnunue chochote, hata kama hamhitaji. Akikubali kusimama bila kuudhiwa na mtu, ataweza kusimama akiudhiwa. Kisha niandikie, nataka kujua ilikuwaje.

Shangazi